Mwongozo Kamili: Kukinga Mawasiliano ya Redio Yasivurugwe, Bila Ufunguo wa Siri wa Pamoja

Mto Nyamwamba unashuka kutoka milima ya Rwenzori, unapita Kilembe, halafu unaingia mjini Kasese, magharibi mwa Uganda. Mei 2013 ulifurika, ukaua watu na kubomoa nyumba na madaraja. Mei 2020 ulifurika tena na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Yeyote anayefikiria kuweka kipimo cha maji kule juu na ving'ora kule chini anaanza na maswali ya sola, betri na antena. Swali la nini kitatokea mtu akiyavuruga mawimbi usiku wa mafuriko huja mwisho, au haliji kabisa.

Lije mapema. Vifaa vya kuvuruga mawimbi vimekuwa rahisi kupatikana, na wezi wa magari huvitumia kuficha gari lenye kifaa cha kulifuatilia. Kifaa kama hicho kikipita barabarani hakichagui: kinaziba kila kilicho karibu kinachotumia masafa hayo, pamoja na king'ora chako.

Mwongozo huu ni kwa fundi au mwanafunzi wa uhandisi anayejua kuandika programu ya kidhibiti kidogo kama ESP32 na ameshawahi kuunganisha moduli ya redio. Nitatumia moduli ya bei nafuu, nRF24L01+, kwa kuwa hesabu zake zinaonekana wazi na makosa yake hayafilisi mtu.

Kwa nini ufunguo wa siri haufai kuwa mwanzo

Kinga ya zamani dhidi ya uvurugaji ni kurukaruka kati ya masafa. Mwaka 1942 Hedy Lamarr na George Antheil walipata hataza Marekani ya mfumo wa kuongoza topido kwa redio inayohama kati ya masafa 88, idadi ile ile ya vibonye vya piano. Mtumaji na mpokeaji walikuwa na roli za karatasi zenye matundu yanayofanana, kwa hiyo walihama pamoja. Adui asiye na roli hakujua aende wapi.

Roli hiyo ndiyo siri ya pamoja, na redio za kijeshi za leo bado zinatumia wazo lile lile, ila roli imekuwa namba. Redio nyingi za kiraia hazina hata hiyo namba. Bluetooth ya kawaida huruka mara 1,600 kwa sekunde kati ya chaneli 79, lakini mpangilio wake hutokana na anwani na saa ya kifaa kinachoongoza. Hiyo inasaidia kukwepa msongamano. Haimzuii mvurugaji aliyeamua kukusaka.

Sasa tazama mduara ulivyo. Ili mkubaliane ufunguo mnahitaji kuwasiliana. Ili mawasiliano hayo yasivurugwe mnahitaji ufunguo. Unaweza kuukata kwa kuweka ufunguo ndani ya kila kifaa kabla ya kukipeleka, na kwa vifaa viwili vilivyofungiwa ofisini hilo halina tatizo. Kwa ving'ora 60 vilivyofungwa juu ya shule, kwenye nguzo ya soko na kwenye paa la zahanati, ufunguo mmoja ulionakiliwa mara 60 haukai siri. Kinatosha king'ora kimoja kung'olewa na kufunguliwa mezani kwa mtu, na mpangilio wa vyote 60 umejulikana.

Mwaka 2008 watafiti waliokuwa ETH Zurich, Mario Strasser, Christina Pöpper na Srdjan Čapkun, pamoja na Mario Čagalj, walionyesha njia ya kuuvunja mduara. Kwa kifupi inaitwa UFH (Uncoordinated Frequency Hopping), yaani kurukaruka kati ya masafa bila kupatana. Mtumaji anaruka kwa nasibu bila kumwambia mtu, mpokeaji naye anaruka kwa nasibu bila kumwambia mtu, na mara moja moja wanakutana kwenye chaneli moja. Mfano wake ni watu wawili wanaotafutana soko la Owino mjini Kampala bila kuahidiana kibanda: wakizunguka vya kutosha watakutana, na anayetaka kuwazuia hawezi kuwangoja mahali kwa kuwa hata wao hawajui watakutana wapi. Gharama yake ni muda. Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kuupunguza muda huo na kuhakikisha kwamba kinachopokelewa ni cha kweli.

Hatua ya 1: Mjue unayepambana naye

Wavurugaji hawafanani. Yuko anayemwaga kelele kwenye kila chaneli mfululizo. Huyo anajiumiza mwenyewe, maana nguvu yake inagawanyika. Yuko anayefagia, anatoka chaneli hii kwenda ile. Yuko anayesikiliza kwanza na kupiga kelele pale tu anapohisi mtu ameanza kutuma, na huyu ndiye hatari zaidi. Halafu kuna wawili ambao watu huwasahau: anayechomeka vipande vya uongo ili umeze takataka, na anayerekodi ujumbe wako halali wa jana ili aurushe leo.

Hakuna mbinu ya redio inayomshinda mtu mwenye nguvu nyingi kuliko wewe kwenye chaneli zote kwa wakati mmoja, akiwa karibu na mpokeaji wako. Mfumo wa maisha ya watu lazima uwe na njia ya pili isiyo ya redio hiyo. Nitalirudia hili mbele.

Hatua ya 2: Chaneli, nguvu na antena

nRF24L01+ inaweza kukaa kwenye chaneli yoyote ya upana wa megahezi 1, kuanzia 2,400 hadi 2,525. Bendi ya wazi inaishia 2,483.5, kwa hiyo jiwekee chaneli 80, kutoka 2,402 hadi 2,481, na usivuke hapo. Kwa Uganda mgawaji wa masafa ni Tume ya Mawasiliano, UCC, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya 2013. Kabla ya kufunga mtambo wa kudumu, au kutumia masafa ya chini yanayofika mbali zaidi, nenda kawaulize kwa maandishi. Masafa ya chini hupita vizuri zaidi penye miti na kona za bonde, lakini bendi zake ni nyembamba, na bendi nyembamba ina chaneli chache za kujifichia. Pima moja dhidi ya jingine kabla ya kununua vifaa.

Kuhusu nguvu, chukulia mtumaji wako ana miliwati 100 na mvurugaji ana wati 1 nzima. Akiziba chaneli zote 80 kwa pamoja, kila chaneli inapata miliwati 12.5. Wakiwa umbali sawa kutoka kwa mpokeaji, wewe una nguvu mara nane ya yake pale ulipo. Akiikusanya wati yake kwenye chaneli moja anakushinda hapo, ila inabidi abahatishe chaneli yenyewe. Hapo ndipo kuruka kunapokulipa.

Umbali nao unahesabika: kwenye eneo la wazi, ukizidisha umbali mara mbili nguvu inashuka hadi robo. Kwa hiyo king'ora kiwe juu, na antena yake iwe ya mwelekeo, ikitazama mtumaji na kuipa mgongo barabara kuu. Moduli zenye kikuza mawimbi cha kupokelea husikia mbali lakini hupofuka haraka mtu akipiga kelele karibu nazo, hata kwenye chaneli nyingine. Antena nzuri yenye moduli ya kawaida mara nyingi hushinda moduli kali yenye antena mbovu.

Jambo dogo linalowapotezea mafundi wengi siku nzima: moduli hii inataka volti 3.3 tulivu. Weka kapasita ya mikrofaradi 10 karibu kabisa na miguu ya umeme. Bila hiyo utapoteza pakiti na kudhani umevurugwa.

Hatua ya 3: Andaa ujumbe wa kwanza

Ujumbe wa kwanza kati ya vituo viwili una kazi moja, kuanzisha ufunguo. Tumia ubadilishanaji wa funguo wa X25519 (njia ya kupata siri ya pamoja hata mkisikika) na saini za kidijitali za Ed25519 (alama zinazothibitisha ujumbe umetoka kwa nani). Maktaba za libsodium na Monocypher zinafanya kazi hiyo, usiandike hesabu hizo mwenyewe. Yaliyomo ni haya: ufunguo wa umma wa muda (yeyote anaweza kuuona, mwenzake binafsi hubaki ndani ya kifaa), baiti 32, saa na tarehe, baiti 8, cheti cha kituo, chenye jina baiti 16, ufunguo wa umma wa saini baiti 32, mwisho wa uhalali baiti 8 na saini ya mamlaka inayoaminika baiti 64, kisha saini ya kituo chenyewe juu ya vyote, baiti 64. Jumla ni baiti 224.

Mamlaka inaweza kuwa kompyuta moja ya wilaya isiyounganishwa na intaneti. Kila kifaa kinabeba ufunguo wa umma wa mamlaka, na huo si siri. Mwizi akiusoma, amesoma kitu ambacho ungeweza kukibandika ukutani.

Hatua ya 4: Kata ujumbe vipande na uvifunge kwa mnyororo

Pakiti moja ya nRF24L01+ inabeba baiti 32 tu. Igawe hivi: namba ya ujumbe baiti 4, namba ya kipande baiti 1, hashi ya kipande kinachofuata (alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye data na kubadilika data ikibadilika) baiti 8, na maudhui baiti 19. Baiti 224 zinaingia kwenye vipande 12, zinabaki baiti 4 ambazo utazijaza sifuri.

Hiyo hashi usiiruke. Mvurugaji mwenye akili hatapiga kelele, atatuma vipande vyake vyenye namba ya ujumbe wako. Tuseme mpokeaji ameokota kipande kimoja cha kweli na kimoja cha uongo kwa kila nafasi. Bila mnyororo atalazimika kujaribu mipangilio 4,096 na kukagua saini kwa kila mmoja. Vikiwa vitatu vya uongo kwa kila nafasi, mipangilio inazidi milioni 16, na kidhibiti kidogo kimekufa bila kelele hata moja kupigwa. Ukiwa na mnyororo, kipande cha 3 kinakutajia hasa ni kipande gani cha 4 unachopaswa kukifuata. Vya uongo vinabaki vimening'inia peke yake, na mnyororo mzima wa uongo unagharimu ukaguzi mmoja tu wa saini.

Unajengwa kutoka nyuma. Anza na kipande cha 12, ukiweka ndani yake hashi ya maudhui ya kipande cha kwanza. Kisha tengeneza cha 11 chenye hashi ya kipande cha 12 chote, na uendelee hivyo hadi cha kwanza. BLAKE2b, kanuni ya kukokotoa hashi, iliyokatwa hadi baiti 8 inatosha, kwa kuwa ujumbe unaishi muda mfupi na saini ndiyo hakimu wa mwisho.

Hatua ya 5: Mtumaji

Zima majibu ya moja kwa moja ya chipu, yale yanayomfanya mpokeaji aseme "nimepata". Katika mifano mingi inayosambazwa yamewashwa. Yakiwa yamewashwa, mpokeaji anatangaza yuko chaneli gani, na kazi yote imekwenda bure.

Mtumaji anarudia mfululizo vipande 1 hadi 12, na kwa kila kipande anachagua chaneli mpya kwa nasibu. Kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde pakiti inakaa hewani kama mikrosekunde 330, na chipu inahitaji mikrosekunde 130 kutulia kwenye chaneli mpya. Ukiongeza muda wa kupakia data, ruko moja kwa milisekunde linawezekana bila kujikaza, yaani maruko 1,000 kwa sekunde.

Nasibu iwe ya kweli. ESP32 ina chanzo cha namba za nasibu ndani yake, lakini chanzo hicho kinategemea redio yake ya Wi-Fi au Bluetooth iwe imewashwa, au chanzo cha ndani cha kelele kiwe kimefunguliwa kwa amri ya `bootloader_random_enable`. Wengi huzima Wi-Fi ili isiingiliane na nRF24, halafu wanaendelea kuita `esp_random` wakiamini ni salama. Fungua chanzo cha kelele kifaa kinapoamka, chota baiti 32, kisha zitumie kuendesha ChaCha20, kanuni ya kuzalisha namba zisizotabirika, itakayokutolea chaneli. Ukitumia `rand()` ya kawaida, mtu mwenye subira atasoma maruko yako machache na kutabiri yanayofuata.

Hatua ya 6: Mpokeaji

Mpokeaji haruki haraka. Anachagua chaneli kwa nasibu, anakaa hapo milisekunde 100 hadi 200, anahama. Kwa kuwa yuko kimya kabisa, mvurugaji hana njia ya kumwona. Na angalia: mchomekaji wa vipande vya uongo yuko kwenye bahati ile ile ya mtumaji. Akirusha vipande 1,000 kwa sekunde, vinavyomfikia mpokeaji ni kama 12.

Hifadhi kila kipande kinachopita ukaguzi wa CRC, yaani namba ya kugundua biti zilizoharibika njiani. Nafasi ya vipande 4,000 inachukua baiti 128,000, na ESP32 inazibeba. Nafasi ikijaa, futa kwa nasibu. Usifute vya zamani kwanza, maana mchomekaji atatumia mtindo huo kusukuma nje vya kweli. Kila kipande kipya kikiingia, jaribu kuufuata mnyororo. Ukikamilika, kagua saini ya mamlaka, kisha saini ya kituo, kisha saa.

Usiwe na haraka ya kukwepa chaneli zinazoonekana kuzibwa. Huwezi kumwambia mtumaji, na mvurugaji akijua unakwepa, atakusukuma taratibu hadi kwenye kona aliyokuandalia. Weka kumbukumbu tu: rejista ya RPD kwenye nRF24L01+ inakuambia kama kuna nguvu inayozidi desibeli -64 za miliwati kwenye chaneli uliyopo. Mjini utaona chaneli zimejaa kwa makundi karibu na chaneli 1, 6 na 11 za Wi-Fi. Huo ni msongamano wa kawaida, na mfumo huu unaupita.

Hatua ya 7: Hesabu kabla ya kwenda uwanjani

Kila ruko lina uwezekano wa 1 kati ya 80 wa kumkuta mpokeaji. Ili kukusanya vipande vyote 12 vinavyokuja kwa nasibu, kwa wastani unahitaji kupokea mara 37 hivi, kwa sababu mwishoni unarudiarudia ulivyonavyo ukisubiri kimoja kilichobaki. Bila mvurugaji ni maruko karibu 2,980, yaani sekunde 3.

Akiziba chaneli 20 kwa wakati mmoja, inakuwa sekunde 4. Akiziba 40, sekunde 6. Akiziba 60 kati ya 80, sekunde 12. Hata akiziba 72, akuachie nane tu, ni sekunde 30. Soma tena namba hizo. Mawasiliano ya chaneli moja yangekuwa yamekufa tangu kitambo. Haya yanapungua kasi, lakini hayakatiki.

Ukitaka kasi zaidi kuna misimbo ya kufidia vipande vilivyopotea, ambapo vipande vyovyote 12 au 13 vinatosha kuurudisha ujumbe wote. Hapo mapokezi 37 yanashuka hadi karibu theluthi. Lakini mnyororo rahisi wa hashi haufanyi kazi tena, itabidi kila kipande kijithibitishe kwa mti wa Merkle (hashi zilizopangwa ngazi juu ya ngazi), na njia ya mti wenye majani 16 inakula hashi nne kwa kila kipande. Kwenye pakiti ya baiti 32 hazitoshi pamoja na maudhui. Kwa moduli hii baki na mnyororo. Ukipata redio yenye pakiti kubwa, badilisha.

Udhaifu uliobaki ni mvurugaji anayesikiliza kwanza. Redio yenye FPGA, chipu inayopangwa upya na yenye kasi kubwa, inaweza kukugundua na kukujibu ndani ya mikrosekunde chache, na pakiti yako iko hewani kwa 330. nRF24 haina msimbo wa kurekebisha makosa: biti moja ikiharibika, pakiti yote inatupwa. Kinga ni kufupisha muda wa hewani kwa kutumia kasi ya megabiti 2, kupanua wigo ili awe na mengi ya kutazama, na kwa mradi wenye fedha, kuhamia redio inayokuruhusu kuweka msimbo wako mwenyewe wa kurekebisha makosa.

Hatua ya 8: Kwa vituo viwili, hamia kwenye ufunguo

Kituo A kinatuma dakika shufwa, kituo B dakika witiri. Ratiba hiyo iko wazi, haina siri. B akijibu, saini yake ifunike ufunguo wa muda wa A pamoja na wake, ili mtu asiweze kuchomeka jibu la mazungumzo mengine. Pande zote zikokotoe siri ya pamoja, ziipitishe kwenye HKDF (kanuni ya kutoa funguo kutoka kwenye siri), na zithibitishiane kwa ujumbe mmoja mfupi.

Kuanzia hapo mnaruka pamoja kwa mpangilio unaotolewa na ufunguo huo. Kila ruko ni mkutano, kwa hiyo kasi imepanda mara 80. Mvurugaji wa chaneli 20 anakupotezea robo tu ya pakiti. Badilisheni ufunguo kila siku kupitia njia hiyo hiyo iliyofichwa, na mkipotezana saa au umeme ukikatika, rudini hatua ya 5. Programu ya kuruka bila mpangilio isiondolewe kamwe kwenye kifaa.

Saa isitegemee GPS, kwa sababu ishara ya GPS ya kiraia kwenye megahezi 1,575.42 ni dhaifu mno ikifika ardhini na ndiyo ya kwanza kuzibwa. Chipu ya saa ya DS3231 inakosea kama dakika moja kwa mwaka, na hiyo inatosha mradi saa zisawazishwe mara kwa mara.

Tangazo kwa wengi: hapa usihamie kwenye ufunguo kabisa

Hapa ndipo ninapotofautiana na mafundi wengi. Wakishaona ufunguo unaleta kasi, wanataka ving'ora vyote vipewe ufunguo wa kundi. Kwa tahadhari ya mafuriko kasi hiyo huihitaji, na siri hiyo huwezi kuitunza.

Tahadhari yenyewe ni fupi: kiwango cha hatari baiti 1, namba ya kituo 2, saa 4, kaunta 4, na saini 64. Jumla 75. Cheti hakihitajiki, kwa kuwa ufunguo wa umma wa kituo cha juu umeshawekwa ndani ya kila king'ora. Zinaingia kwenye vipande 4. Kwa vipande 4 wastani ni mapokezi 8 na kidogo: chini ya sekunde moja bila mvurugaji, sekunde 2.7 akiziba chaneli 60, na karibu sekunde 7 akiziba 72. Huo ni wastani, na king'ora chenye bahati mbaya kitachelewa zaidi, kwa hiyo kituo kiendelee kutuma bila kukoma hadi hatari ipite. Baiti 75 hazibadiliki kwa kurudiwa, wala huhitaji jibu kutoka kwa yeyote.

King'ora kikiibwa, mwizi anapata nini ndani yake? Ufunguo wa umma na orodha ya chaneli ambayo imeandikwa hapa. Ving'ora vingine 59 vinaendelea kama vilivyokuwa. Hilo ndilo linalonifanya niitetee njia hii mbele ya kila mtu anayesema ni ya polepole.

Kaunta ni ya kumzuia mrudiaji: king'ora kinakumbuka kaunta ya mwisho kwenye kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, na kinakataa iliyo sawa nayo au chini yake. Na kila dakika tano kituo kitume tangazo la "hali salama", lililosainiwa vilevile. King'ora kisiposikia chochote kwa robo saa kiwashe taa ya njano na kumtumia ujumbe wa simu anayekitunza. Mvurugaji anayeziba kila kitu atafanikiwa kunyamazisha, lakini ukimya wenyewe utaonekana.

Taa ya njano ikiwaka wakati mvua inanyesha milimani, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) awe na namba ya simu ya mtu aliye juu mtoni, na msikiti na kanisa viwe vimeshakubaliana nani ashike kipaza sauti. Liandikeni kwenye karatasi, lifanyiwe zoezi kama vifaa vinavyofanyiwa.

Njia nyingine mbili, kwa mwenye redio inayoendeshwa kwa programu (SDR)

Kundi lile la Zurich lilitoa mwaka 2009 njia ya pili, UDSSS (Uncoordinated Direct Sequence Spread Spectrum), kwa ajili ya matangazo. Badala ya kuruka kati ya chaneli, mtumaji anatawanya ishara yake kwa msimbo mmoja aliouchagua kwa nasibu kutoka orodha iliyo wazi. Mpokeaji anarekodi ishara nzima, kisha anajaribu misimbo yote mmoja mmoja hadi ujumbe uonekane. Mvurugaji anaijua orodha lakini lazima aujue msimbo wakati ujumbe bado uko hewani. Mpokeaji yeye ana muda hata baada ya ujumbe kupita. Inataka kompyuta yenye nguvu upande wa kupokea.

Nyingine ni BBC (si shirika la utangazaji), ya Leemon Baird na wenzake wa chuo cha Jeshi la Anga la Marekani, 2007. Ujumbe unageuzwa kuwa alama fupi za nguvu zilizotawanyika katika muda: hashi ya biti ya kwanza inaonyesha alama ya kwanza iwekwe wapi, hashi ya biti mbili za kwanza inaonyesha ya pili, na kadhalika. Adui anaweza kuongeza alama zake, ila kuifuta yako ni kazi ngumu mno. Mpokeaji anafuata tawi la 0 na tawi la 1, na tawi lisilo na alama linakufa. Maadamu alama zote kwa pamoja hazijajaza nusu ya nafasi, matawi ya uongo yanakauka yenyewe. Ni njia nzuri sana, ila kwa nRF24 haiwezekani, inataka redio unayoweza kuidhibiti hadi kwenye umbo la wimbi.

Kupima bila kuvunja sheria

Usiwashe kifaa cha kuvuruga hewani, hata shambani, hata kwa dakika moja. Hujui nani mwingine anatumia masafa hayo. Mfanye mpokeaji ajifanye amevurugwa: programu ichague kwa nasibu chaneli 20, kisha 40, 60, 72, na itupe kila pakiti inayoingia humo, ikibadilisha orodha kila sekunde. Endesha mamia ya majaribio kwa kila kiwango, andika muda wa kati na muda mbaya kabisa, na ulinganishe wastani na sekunde 4, 6, 12 na 30. Ukizidi mara mbili, kosa liko kwenye kapasita, kwenye muda wa kutulia kwa chaneli, au kwenye namba za nasibu. Anza kutafuta kwa mpangilio huo.

Halafu jaribu mchomekaji: moduli ya tatu itume vipande vyenye namba sahihi ya ujumbe na maudhui ya ovyo, kwa nguvu ndogo kabisa, ndani ya chumba. Hesabu saini zinazokaguliwa. Zikianza kupanda kwa mamia, mnyororo wako una kasoro. Ukitaka kelele halisi, unganisha redio kwa nyaya zenye vipunguza nguvu vya desibeli 30 au zaidi, bila antena hata moja.

Mwisho ni ufunguo binafsi wa kituo cha juu, siri pekee iliyobaki katika mfumo wa matangazo. Ukae kwenye kituo hicho tu. Tengeneza na jozi ya pili siku hiyo hiyo, ufunguo wake binafsi ufungiwe kabatini wilayani, na ufunguo wake wa umma uwekwe ndani ya kila king'ora sambamba na wa kwanza. Kituo kikiibwa, mtumaji mpya anapanda na jozi ya pili, na tangazo lake la kwanza ni la kuufuta ufunguo wa zamani. Hakuna fundi atakayelazimika kupanda paa 60.